Daftari la Wiki: Tumbo Kwanza, Kisu Baadaye

Paka wengi wa Kitale na Bungoma hufugwa kwa kazi ya kulinda mahindi yasiliwe na panya. Mavuno yakikaribia, kati ya Oktoba na Desemba upande wa Trans Nzoia na mapema zaidi Bungoma, paka wachanga huombwa kwa majirani na mara nyingi hutolewa kabla hawajaacha kunyonya. Mtoto wa paka wa wiki tano hufika nyumba mpya, hupewa ugali uliolainishwa kwa maziwa, na baada ya siku mbili tatu anahara. Angeachwa kwa mama yake hadi wiki ya nane, sehemu kubwa ya shida hii isingekuwepo.

Maziwa ndiyo ya kuondolewa kwanza. Paka anapoacha kunyonya, kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa hupungua tumboni mwake. Sukari hiyo hushuka hadi utumbo mpana, huvuta maji, huchacha, na kinyesi hulegea. Maji safi yanamtosha. Ugali nao hushibisha bila kulisha: paka ni mla nyama, na taurini, ambayo macho na moyo wake huihitaji, haipatikani katika mahindi. Kwa siku hizo za kuhara, kuku aliyechemshwa bila chumvi, asiye na ngozi wala mifupa, humfaa, kidogo kidogo mara nne kwa siku. Omena pia ni chakula kizuri akishapona, mradi zioshwe mchanga na kuchemshwa. Mchuzi wa nyumbani asipewe, kwa sababu vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka.

Kuhara kukiendelea, na tumbo limetuna huku mbavu zikihesabika, minyoo ndiyo ya kushukiwa. Minyoo ya mviringo hupitia katika maziwa ya mama, kwa hiyo hata aliyezaliwa ndani ya nyumba safi aweza kuwa nayo. Dawa ya pairanteli huanza kutolewa wiki ya tatu, hurudiwa kila baada ya wiki mbili wakati wa kunyonya, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Kipimo hufuata uzito, hivyo paka apimwe kwenye mizani kwanza. Vipande vyeupe kama punje za mchele karibu na mkundu ni vya tegu, anayeletwa na viroboto na panya, na huyo hutaka prazikwanteli. Vijidudu vya koksidia, ambavyo pia husababisha kuhara, havifi kwa pairanteli. Huonekana kwa hadubini, na kinyesi kibichi kinaweza kupimwa na daktari au kupelekwa maabara ya mifugo ya serikali iliyoko Eldoret.

Hatari iliyo karibu zaidi haitajwi inavyostahili. Unga wa Actellic Super, unaopakwa mahindi yasibunguliwe, una pirimifosi-methili na permethrini, na zote mbili ni sumu kwa paka. Paka mchanga anayelala juu ya magunia hubeba vumbi hilo kwenye manyoya, kisha hulimeza anapojilamba. Hutokwa na mate, hutapika, huhara, hutetemeka, na mwenye paka hudhani ni minyoo. Huyo aogeshwe kwa maji vuguvugu na sabuni laini, akaushwe, apelekwe kwa daktari mara moja. Dawa ya kupe ya ng'ombe isitumiwe kumwulia viroboto. Panadol nayo ni mauti: ini la paka haliwezi kuivunja, na nusu kidonge chaweza kumuua.

Ufizi huonyesha hali ya maji mwilini. Ukibonyezwa kwa kidole huwa mweupe, na unapaswa kurudi rangi yake ndani ya sekunde mbili. Ukinata kama umekauka, amepungukiwa na maji. Akitapika, ana homa, amekataa hata maji na hajachanjwa, huenda ni panleukopenia, ugonjwa wa virusi unaoua paka wachanga wengi. Hapo hakuna kungoja kesho. Chanjo yake huanza wiki ya sita hadi ya nane, na hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi wiki ya kumi na sita.

Kuhasiwa hungoja tumbo litulie. Madaktari wengi hufanya upasuaji huo kati ya miezi minne na sita, paka akiwa amefikisha kilo moja au zaidi. Dawa ya usingizi hushusha shinikizo la damu, na meloksikamu ya kutuliza maumivu huumiza figo zisizo na maji ya kutosha. Anayehara huingia mezani akiwa tayari hatarini. Kuahirisha wiki mbili hakumdhuru. Jike atengwe na madume wakati huo, maana aweza kushika mimba akiwa na miezi minne.

Madaktari wengi wa eneo hili kazi yao kubwa ni ng'ombe wa maziwa, kwa hiyo ni haki kuuliza kama daktari amezoea kumpa paka dawa ya usingizi, na kama amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Kumkata dume nyumbani kwa wembe, bila usingizi, ni ukatili, hata kama gharama inabana. Paka mchanga hafungishwi usiku kucha kabla ya upasuaji kama mkubwa. Saa tatu au nne hivi zinatosha, kwa kuwa sukari ya damu yake hushuka haraka.

Usiku wa kwanza baada ya upasuaji, joto ndilo jambo kuu. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Julai huingia mwilini mwa mnyama aliyetoka usingizini zaidi kuliko ile ya Bungoma, iliyo mita 1,400 hivi. Chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa humfaa. Jiko la makaa katika chumba kilichofungwa laweza kumuua kwa gesi ya sumu. Akizinduka kabisa apewe nusu ya mlo. Asipopata choo siku moja au mbili ni kawaida. Akihara kwa sababu ya antibiotiki, daktari aelezwe, na dawa isikatizwe ovyo.

Chomboni pa kujisaidia patiwe magazeti yaliyochanwa, maana vumbi la mbao hunasa kwenye kidonda. Jeraha la dume huachwa bila nyuzi na hufunga kwa wiki moja hadi siku kumi. Nyuzi za jike, zisipokuwa za kuyeyuka, hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Uvimbe mdogo hupita. Usaha, harufu au kidonda kufumuka humrudisha kwa daktari. Asiachwe kukilamba: kola ya plastiki humzuia, na jike huvalishwa fulana ya mtoto mchanga. Baada ya hapo mlo upunguzwe kidogo, kwa sababu aliyehasiwa hunenepa upesi, na dume atengwe na majike kwa wiki kama sita, kwani bado anaweza kuzalisha.