Bei Ikishuka, Tuulize Kidogo

Wananchi wenzangu wa Maseno, mnaikumbuka Agosti 2010? Kampuni ya Zain, iliyokuja kuitwa Airtel kabla mwaka haujaisha, ilishusha bei ya kupiga simu hadi shilingi 3 kwa dakika. Safaricom nayo ikashusha. Orange na Yu hazikukubali kuachwa. Hapa kwetu, kando ya barabara ya Busia, vijana walitembea na laini tatu mfukoni, kucha zimejaa vumbi la kadi za kukwangua.

Hivyo ndivyo vita vya bei. Lakini je, kila punguzo ni vita? Mama wa nyanya akikuongezea mbili jioni ili asirudi nazo nyumbani, amemtangazia nani vita? Vita huanza pale mmoja anaposhusha bei kwa kumlenga mwenzake, mwenzake akajibu, wakateremka pamoja hadi faida ikawaishia, kila mmoja akingoja nani atachoka kwanza.

Tusisahau kwamba mwaka ule Tume ya Mawasiliano ya Kenya ilikuwa imepunguza ada ambayo kampuni hulipana simu inapovuka mtandao, kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21. Kwa hiyo sehemu ya nafuu ile ilikuwa halali yetu. Mapigano yalikuwa kwenye punguzo lililozidi hapo.

Kisha? Mwaka 2011 bei zikaanza kupanda. Mwaka 2014 Yu ikaondoka nchini. Wateja wake wakaenda Airtel, mitambo yake ikachukuliwa na Safaricom. Mlango mmoja wa kubisha ukapungua.

Sasa sisi tufanye nini? Bei nafuu ifurahie, mfuko ni wako. Ila keti na watoto msome masharti: ofa inaisha lini, na baada yake tutalipa ngapi? Laini ya pili usiitupe.

Nawe mwenye duka, jirani akishusha bei ya sukari, usimjibu siku hiyo hiyo. Piga kwanza hesabu ya nauli ya mzigo kutoka Kisumu. Pengine kufungua mapema na kupima vizuri kutakuletea wateja zaidi kuliko kukata shilingi 5.

Na wewe mnunuzi, lile duka lililokukopesha unga mwezi ule mgumu, bado lipo? Ukipita jioni ya leo, ingia, nunua japo kiberiti.