UCHAMBUZI: Mitambo ya benki ikizima, hasara humwangukia mteja

MWISHO wa mwezi ndio wakati ambapo benki za Kenya hupimwa, na ndio wakati ambapo mara nyingi huanguka mtihani. Mwalimu anayesubiri mshahara, mfanyabiashara wa Gikomba anayetaka kulipia marobota kabla lori halijaondoka, mzazi aliyeahidi kutuma karo kabla ya saa sita: wote hujikuta wakitazama simu inayowaambia wajaribu tena baadaye. Wakipiga simu kwa kituo cha huduma, husikilizishwa muziki. Wakifika katika tawi, karani huwaeleza kwa upole kwamba mitambo iko chini na kwamba tatizo linashughulikiwa katika makao makuu.

Jioni, au siku ya pili, ujumbe mfupi hufika. Benki inaomba radhi kwa usumbufu na kushukuru kwa uvumilivu. Ujumbe huo hausemi ni nini kilichoharibika, ni wateja wangapi walioathirika, wala ni nani atakayemlipa aliyepata hasara.

Malalamishi dhidi ya benki si mapya nchini, ila uzito wake umebadilika. Katika miaka ya 1990 benki kubwa zilifunga matawi mengi ya mashambani na kupandisha kiwango cha chini cha pesa za kuweka katika akaunti. Mlalamishi wa siku hizo alilia kufungiwa mlango. Equity, iliyopata leseni ya benki mnamo 2004, ilijizolea mamilioni ya wateja kwa kuwakaribisha waliofungiwa. M-Pesa ikazinduliwa Machi 2007. Mnamo 2010 Benki Kuu ya Kenya, CBK, iliruhusu benki kutumia mawakala, na mnamo 2017 mfumo wa PesaLink ukaanza kuhamisha pesa kutoka benki moja hadi nyingine papo hapo. Sasa benki kubwa hujisifu kwamba zaidi ya asilimia 90 ya shughuli za wateja hufanyika nje ya matawi.

Sifa hiyo ina upande wa pili. Mteja alipohamishwa kutoka foleni ya tawi hadi kwa simu, benki iliokoa gharama ya majengo na makarani. Mteja naye alipoteza mlango wa pili. Zamani simu ikikataa, alivaa viatu akaenda benki. Leo keshia aliye nyuma ya kioo hutegemea mtambo ule ule uliokataa kwenye simu, na wakala wa mtaani vivyo hivyo.

Ada, hata hivyo, hazikupungua kwa kasi ya matawi. Gonjwa la Covid-19 lilipoingia Machi 2020, ada za kutuma pesa kati ya benki na simu ziliondolewa. Zilirejeshwa Januari 1, 2023, ingawa kwa viwango vya chini. Mwaka huo huo Sheria ya Fedha ilifikisha ushuru wa ada za kutuma pesa asilimia 15, kwa benki na kwa kampuni za simu pia. Mteja hulipia kila hatua ya safari ya pesa zake, na safari hiyo ikikatika njiani, hasara ni yake pia.

Inafaa kuielewa safari yenyewe. Malipo ya kawaida hupita katika programu ya simu, mtandao wa kampuni ya simu, mtambo mkuu wa benki, na pengine mfumo unaounganisha benki mbalimbali. Upande mmoja ukikata pesa na jibu likakosa kufika upande wa pili, pesa huning'inia hewani. Ndivyo hutokea pia mtambo wa ATM unapokata Sh20,000 kwenye akaunti bila kutoa noti hata moja. Pesa hizo kwa kawaida hazipotei, kwani hesabu zikilinganishwa hurudi kwa mwenyewe. Lakini ulinganishaji huo huweza kuchukua siku, na mwenye nyumba hangoji ulinganishaji.

Kuungana huku kwa mifumo kulionekana wazi Julai 27, 2023, serikali ilipothibitisha kuwa jukwaa la eCitizen limeshambuliwa na wadukuzi. Siku hizo hizo Wakenya walitatizika kununua umeme wa tokeni, watumiaji wa M-Pesa wakalalamika, na huduma za kuhamisha pesa kati ya simu na benki zikayumba.

Anayeumia zaidi ni yule asiye na akiba. Mwenye akaunti katika benki tatu huhamia nyingine na kuendelea na shughuli zake. Mwenye akaunti moja hukopa Fuliza ili afike nyumbani, akatozwa ada ya kila siku kwa sababu pesa zake mwenyewe zimefungiwa. Aliyekuwa alipe mkopo siku hiyo huenda akahesabiwa kuwa amechelewa. Yeye akichelewa siku moja hutozwa faini. Benki ikichelewa siku nzima, huomba radhi.

Benki zina utetezi wake, na si wa kupuuzwa. Mitambo haina budi kuboreshwa, wadukuzi hawalali, na hakuna benki popote duniani inayoweza kuapa kwamba haitazima kamwe. Ila mwisho wa mwezi hauji kwa kushtukiza. Tarehe ya mshahara inajulikana mwaka mzima kabla.

Uingereza nako mitambo huzima, tena vibaya. Aprili 2018 benki ya TSB ilihamishia akaunti zake kwenye mtambo mpya, na wateja wapatao milioni 1.9 wakafungiwa nje. Desemba 2022 wasimamizi waliitoza faini ya pauni milioni 48.65, juu ya pauni milioni 32.7 ambazo benki hiyo ilikuwa imewalipa wateja kama fidia. Mnamo Machi 2025 kamati ya bunge la nchi hiyo, baada ya kuziandikia benki na kuzitaka zitoe hesabu, ilitangaza kuwa taasisi tisa zilizima kwa saa zisizopungua 803 katika muda wa miaka miwili hivi. Tofauti, basi, ni kwamba huko kuna anayehesabu na kuna anayelipa.

Kenya haikosi sheria. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji wa huduma haki ya kufidiwa hasara inayotokana na kasoro za huduma hiyo. Mwongozo wa CBK wa 2013 unazitaka benki ziwe na utaratibu wa kushughulikia malalamishi. Mwongozo wa 2017 kuhusu usalama wa mitandao unazitaka ziiarifu CBK katika muda wa saa 24 zinapokumbwa na tukio zito. Msimamizi huarifiwa, naye mwenye pesa hubaki kukisia.

Wala CBK haikosi meno. Septemba 2018 ilizitoza benki tano faini ya jumla ya Sh392.5 milioni kwa kuvunja kanuni za kuzuia ulanguzi wa pesa katika sakata ya NYS. Faini ya ukubwa huo kwa sababu ya wateja kulala bila pesa zao haijasikika.

Mswada wa 2018 wa Wizara ya Fedha kuhusu maadili katika soko la fedha ulipendekeza kuwe na mpatanishi maalumu kati ya wateja na taasisi za fedha. Haukuwa sheria. Tume ya Haki ya Utawala nayo hushughulikia malalamishi dhidi ya idara za umma, na benki ya kibinafsi haimo.

Njia iliyo karibu zaidi na mteja wa kawaida ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mnamo 2021. Husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, sheria inaitaka iamue katika siku 60, na mlalamishi halazimiki kuwa na wakili. Atakayekwenda huko atahitaji ujumbe unaoonyesha pesa zilikatwa saa ngapi, risiti ya hasara iliyofuata, na nambari ya malalamishi kutoka kwa benki, ambayo ni heri kuidai siku ile ile.