Mwenye Mzigo Ndiye Anunue Kipozeo



Huku Luanda Kotieno, penye feri ya Mbita, pikapu huvuta mashua kwa trela. Juzi giaboksi ya otomatiki iliungua, na tajiri akamwambia dereva kwamba atamkata mshahara. Hiyo si haki.

Katika giaboksi hiyo nguvu ya injini hupitia katika mafuta. Mzigo mzito mlimani huyatia moto kupita kiasi, yakaharibika, na sahani za ndani zikaungua. Pikapu nyingi huyapoza ndani ya rejeta tu, ambayo maji yake yenyewe ni moto. Dawa ni kipozeo cha pili mbele ya rejeta, penye upepo: mafuta yakitoka katika rejeta yapite humo, ndipo yarudi. Lakini hata hivyo gari isizidishiwe uzito iliyoruhusiwa kuvuta.

Sisi wa reli twajua: injini haipewi mabehewa bila kupimiwa mlima. Mbona dereva apewe bila kipimo?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu kukata mshahara kwa uharibifu uliotokana na kosa la makusudi. Kukosa kipozeo si kosa la dereva. Basi madereva, ombeni kipozeo kwa barua, na nakala mziweke.