Uzeni Prado, mwacheni dada wa kazi

Wenye mishahara minono wakiamua kubana matumizi, wa kwanza kuonja ni dada wa kazi. Anayefuata ni bibi kijijini, ambaye laki mbili zake za kila mwezi zinageuka laki moja, tena kwa kuchelewa. Kisha maziwa ya watoto yanapungua, king'amuzi kinashushwa kifurushi, na baba mwenye nyumba anaanza kuzunguka usiku akizima taa za watu na kulalamikia LUKU. Magari mawili yanabaki pale pale uani, yameoshwa.

Nilikaa kwenye meza ya mikopo ya benki kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na sasa nimo kwenye kamati ya mikopo ya SACCOS ya parokia yetu. Salari slipu za watu nimezisoma kuliko Biblia, Mungu anisamehe. Nilichokiona ni kwamba mtu wa mshahara wa laki nne anajua shilingi yake ya mwisho ilikokwenda. Mtu wa milioni nne hajui laki sita zilikokwenda, wala haoni haya kusema hajui.

Hivi karibuni walikuja nyumbani kwangu mume na mke, vijana wa umri wa wanangu, wasomi wote wawili. Kazi zao sizitaji, na tarakimu nimezipindisha kidogo wasitambulike. Mume analipwa milioni 5, mke milioni 4. "Mama, sisi ni watu wa milioni tisa," mume akaniambia baada ya shikamoo, "lakini ikifika tarehe 15 tunakopa kwenye simu."

Nikachukua kalamu. Watu wa milioni tisa hawapo kwenye nyumba hiyo. NSSF inachukua asilimia 10 ya kila mmoja. Kinachobaki kikivuka milioni moja, kila shilingi ya juu yake inakatwa kodi ya asilimia 30. Mume bado anadaiwa na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani laki saba na nusu kila mwezi. Nilipojumlisha, milioni tisa zilikuwa zimeshuka hadi milioni 5.26, na benki ilikuwa bado haijanyoosha mkono. Benki ya mume inachukua 794,000, ya mke 608,000. Imebaki milioni 3.86. Hiyo ndiyo familia niliyoiona mbele yangu: familia ya milioni tatu na laki nane, inayoishi Goba kama ya milioni tisa.

Kodi ya nyumba ni laki nane, nayo wanailipa miezi sita kwa mpigo. Ada za watoto wawili, ukizigawanya kwa miezi, ni kama laki saba na nusu pamoja na basi la shule. Hapo hatujagusa chakula.

Walikuwa wamekuja na orodha ya vitu vya kupunguza, mke ameiandika kwenye simu vizuri sana. Dada wa kazi kutoka laki moja na nusu hadi laki moja. Mama mzazi wa mume, nimeshasema. Maziwa na nyama. Intaneti ya nyumbani. Jumla yake ilikuwa 240,000 kwa mwezi, na kila aliyekuwa kwenye orodha hiyo alikuwa mtu asiyeweza kubisha. Dada hana chama cha wafanyakazi pale jikoni. Bibi hatapiga simu kuuliza kwa nini.

Nikauliza habari ya magari. Mume anafanya kazi Posta, mke Victoria. Kwa asiyeijua Dar es Salaam: ukitoka Goba kwenda Posta kwa njia wanayopita wao, unashuka Barabara ya Bagamoyo na Victoria unaipita njiani. Basi kila alfajiri mume anatangulia na Prado, mke anamfuata na Harrier dakika kumi nyuma yake, wanakaa foleni moja pale Mwenge, kila mmoja na kiyoyozi chake na redio yake. Prado peke yake inakunywa zaidi ya laki tano kwa mwezi, bila matairi na bila fundi. Halafu mnakaa chini kujadili lita moja ya maziwa!

Najua watakaosema kwamba petroli imepanda, ada zimepanda, kila kitu kimepanda. Ni kweli, na EWURA ikitangaza bei mpya ya mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi wanaoumia ni wengi. Lakini ukimtazama anayepanda mwendokasi amesimama toka Kimara hadi Kivukoni, naye anaumia kwa bei hizo hizo, tofauti yake ni kwamba hana benki ya kumwambia kila mwaka kwamba anastahili zaidi.

Hapo kwenye kustahili ndipo nataka nikae kidogo, maana nimekula mshahara wa benki na najua kinavyofanyika. Mume alikopa milioni 40 kwa miaka saba, riba asilimia 16. Nusu ikaongezea bei ya Prado, nusu ikaenda kiwanjani Madale ambako nyumba imesimama kwenye linta hadi leo. Kwa miaka miwili amelipa bila kukosa, jumla yake ni milioni 19. Nilipomuuliza deni limebaki kiasi gani, akajibu haraka: "Kama milioni 21, mama." Si kweli. Limebaki milioni 32 na laki saba. Katika milioni 19 alizotoa, zilizopunguza deni ni milioni saba na kidogo tu, nyingine zote ni riba, kwa sababu miaka ya mwanzo salio ni kubwa na riba inahesabiwa juu ya salio.

Sasa anapokea ujumbe kwenye simu: mpendwa mteja, unastahili kuongezewa mkopo. Wenyewe wanaita topapu. Akienda, benki inamrudisha kwenye milioni 40 zile zile, rejesho lile lile la 794,000, na anaondoka na milioni saba mkononi, ukitoa bima na ada ya mkopo. Anatoka pale akishangilia kwamba makato hayakuongezeka. Kilichoongezeka ni miaka. Alikuwa amebakiza mitano, sasa ana saba tena. Marejesho 24 ya nyongeza ni milioni 19, kwa kupewa saba. Nimewahi kuona watu wamefanya hivyo mara tatu, nne, hadi barua ya kustaafu inawakuta kwenye mwaka wa pili wa mkopo waliouchukua vijana.

Benki haivunji sheria yoyote hapo. Lakini kama ningekuwa na sauti Benki Kuu, ningeagiza kitu kimoja: fomu ya kuongeza mkopo ianze na mstari mmoja wa maandishi makubwa unaosema utapokea kiasi gani mkononi leo, na utalipa miezi mingapi zaidi ya ile uliyokuwa umebakiza. Kinachoandikwa pale juu kwa sasa ni rejesho la mwezi, na mkopaji wa Kitanzania, hata awe na shahada mbili, anasoma rejesho la mwezi na kusaini. Utaratibu wa kumwachia mkopaji theluthi ya mshahara wake haumsaidii mtu wa namna hii pia. Theluthi ya milioni 5 ni hela, ofisi inaona mtu huyu anapumua. Hakuna mahali ambapo salari slipu mbili za nyumba moja zinawekwa juu ya meza moja.

Jambo hilo linanisumbua zaidi ya riba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mume wala mke kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na kwa miaka yangu yote kazini nimewaona wanandoa wakiletwa kusaini fomu ya ridhaa. Mkopo wa mshahara hauna fomu hiyo. Mtu anaweza kuifunga familia miaka saba kwa saini yake peke yake, saa ya chakula cha mchana, akarudi ofisini. Mke wa kijana huyu alijua kuna mkopo, hakujua kiwango. Na yeye mke alikuwa na madeni kwenye programu tatu za simu, milioni moja na laki saba, ambayo mume aliyasikia mbele yangu kwa mara ya kwanza. Mikopo ya aina hiyo watu wanaiita kausha damu, na jina halikosei. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na bado wasomi wetu wanakopa huko, kwa sababu huko hakuna anayewauliza mbona una mshahara mkubwa.

Zilikwenda wapi hela za mke? Kwenye michango. Harusi ya bosi, sendofu ya mtoto wa jirani, kitchen party ya mtu aliyesoma naye. Anaingizwa kwenye kundi la WhatsApp bila kuulizwa, mweka hazina anaorodhesha majina na ahadi, na mtu wa cheo chake hawezi kuandika elfu hamsini wakati karani ameandika laki. Mwezi mmoja kadi nne.

Sisemi watu waache kuchangiana, na wanaoandika hivyo kwenye magazeti wengi hawajafiwa. Msiba ukikupata ndipo utajua kilichokuwa kinakusanywa. Ila msiba na harusi visiwekwe kapu moja. Kwenye msiba nenda, toa, lala huko kama inabidi. Kwenye harusi, kadi ni bei ya kuingia ukumbini kula wali na kuku. Unaweza kulipa kidogo na usiende, na bibi harusi hatakukumbuka kwa hilo. Nilimwambia mke apange kiwango cha mwaka mzima mwezi Januari, na kikiisha mwezi Agosti kimeisha.

Shule sikuigusa sana. Mume alitaka kuwahamisha watoto mara moja, mke akanuna, na mimi nilikuwa upande wa mke. Zipo shule za serikali zinazofundisha kwa Kiingereza, kama Olympio na Diamond, na ningefurahi kuona wenye uwezo wakizijaza na kuzidai ubora. Lakini mtoto aliye darasa la sita haondolewi shuleni ili gari libaki.

Nikawafanyia hesabu ya Prado. Sokoni leo wanaipata milioni 42. Milioni 19 na nusu inamaliza mkopo wa mke wote. Milioni moja na laki saba inafuta programu za simu. Zinazobaki, karibu milioni 21, zinaingia kwenye deni la mume, nalo linashuka hadi milioni 12. Kisha wachukue zile 608,000 zilizokuwa zikienda benki ya mke na kuziunganisha na rejesho la mume. Madeni yote ya benki yanakwisha chini ya mwaka mmoja, ukiacha tozo ya kulipa mapema kama mkataba unayo, na dada wa kazi hajapunguziwa hata senti. Bibi pia anarudishiwa laki yake.

Mke alinyamaza akiangalia karatasi. Mume alinyamaza pia, halafu akasema kilichokuwa moyoni: "Sasa mama, Desemba nitafika Moshi na nini?"

Ni swali la kweli, silicheki. Kwao Desemba watu wanapanda mlimani kuhesabiwa, na anayefika na basi anaulizwa maswali ambayo mwenye Prado haulizwi. Gari ile hakuinunulia foleni ya Mwenge, aliinunulia wiki mbili za Desemba. Mimi ni Mpare, na watani zangu watasema ubahili uko kwenye damu, lakini nilimweleza kwamba gari la kukodi kwa siku kumi halifiki hata rejesho lake la miezi mitatu, na namba za gari hazisemi mwenyewe ni nani. Akacheka kwa shida. Akasema baba yake atajua.

"Basi mwambie baba yako unadaiwa kiasi gani," nikamjibu, "umsikie yeye atachagua nini."

Sijui kama alimwambia. Juzi mke amenipigia. Dada wa kazi anapata mshahara wake wote, programu za simu wamezilipa kwa bonasi ya mke, na asubuhi wanatoka na gari moja, anamshusha Victoria. Prado imeegeshwa. Wamekubaliana kuiuza, ila baada ya sikukuu, wakisharudi kutoka Moshi. Nimemwambia Januari ada zinadaiwa kila nyumba na wenye magari ya kuuza watakuwa wengi, mnunuzi atawapa bei anayotaka yeye. Waiuze Oktoba.