Nusura Niuze Harusi Ninunue Cadillac

Natumaini huko uliko, iwe Nyamagana, Ilemela au huku kwetu Sengerema, unapumua na mfuko wako nao unapumua. Wa kwangu wiki mbili zilizopita nusura ukate roho, na aliyetaka kuumaliza ni gari.

Usicheke kwanza. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lizinduliwe Juni 2025, sisi wa ng'ambo hii tumeota mapembe. Zamani ukitaka kumtoa bibi harusi Mwanza mjini umlete Sengerema, ulipanga foleni ya kivuko mpaka maua ya kwenye boneti yakanyauka. Sasa unateleza juu ya ziwa kilomita tatu, dakika chache uko Busisi. Mimi nikapiga hesabu za kisela: maharusi watavuka kwa wingi, na kila bibi harusi anataka gari la kuwaumiza roho mashosti zake. Nikiwa na gari lisilofanana na la mtu yeyote Kanda ya Ziwa, si nimeula?

Basi bwana, mshikaji mmoja wa bodaboda akaninong'oneza kwamba kuna mzee nje kidogo ya mji anauza Cadillac. Nikamwambia aache usanii, Sengerema na Cadillac wapi na wapi. Akaniambia panda.

Lo! Mzee alipofunua turubai niliishiwa maneno. Cadillac Sedan de Ville ya mwaka 1976, nyeusi, ndefu kama mtumbwi wa kuvulia sangara. Gari lile lina karibu mita sita, yaani ukiweka Toyota IST pembeni yake inabaki nafasi ya kutandika jamvi watu wakacheza bao. Kiti cha mbele ni kimoja, kipana kama sofa. Vioo vinashuka kwa umeme, na hiyo ni 1976, wakati wengi wetu baba zetu walikuwa bado wanaifukuzia baiskeli ya Phoenix.

"Chungulia hapo, mwanangu," mzee akasema akinionyesha dashibodi. "Maili elfu thelathini na nane. Halijachoka hili."

Maili 38,000 ni kama kilomita 61,000. Kwa gari lililoizidi umri hata serikali ya awamu ya pili! Bei: milioni tisa. Na mimi benki nilikuwa na milioni kumi, nilizodunduliza miaka mitatu kwa ajili ya mahari na harusi yangu ya Desemba. Moyo ukaanza kucheza sindimba. Nikajisemea, mahari hulipwa hata kwa mafungu.

Kabla hujaniita mwehu, sikiliza alivyolipata. Mzee alikuwa dereva wa tajiri mmoja wa pamba enzi hizo Mwanza. Nilipomuuliza imekuwaje gari litembee kidogo hivyo, alicheka mpaka akakohoa.

"Wewe ulikuwa hujazaliwa. Vita ya Kagera ilipokwisha mwaka 1979, mafuta yakawa dhahabu. Jumapili mchana ilikuwa marufuku kuendesha gari lako bila kibali. Sasa hili linalokunywa kama ng'ombe wa kiangazi, nani angelitoa? Bosi alikuwa anakuja jioni, anakaa kiti cha nyuma, ananiambia, dereva, washa tu nisikie. Nawasha. Akisharidhika nazima, anaingia ndani kulala."

Tajiri alipofunga biashara na kuondoka nchini, alikuwa anadaiwa mishahara na dereva wake. Akamwachia gari pamoja na barua ya kuandikwa kwa mkono. Mzee akalileta Sengerema kwa kivuko, akalijengea banda kabla hata hajajijengea nyumba ya bati. Kila Jumamosi analifuta vumbi. Mkewe, marehemu sasa, alikuwa analiita mke mwenzangu.

Nilitaka kulipa siku ile ile. Kilichoniokoa ni mchumba wangu, ambaye ni mwalimu na ana roho ya ukaguzi. Nilipompigia simu alisema neno moja tu: "Nenda na fundi."

Fundi wangu hana makuu. Alianza na ile mita. Akaniuliza ina tarakimu ngapi za maili. Nikahesabu: tano. Akasema magari mengi ya Marekani ya miaka ile mita yake inaishia 99,999, kisha inarudi sifuri na kuanza upya. Kwa hiyo 38,000 inaweza kuwa 138,000, na mita haitakwambia kitu. Ili ujue ukweli tazama vitu visivyoweza kurudi sifuri: raba za pedali, ukingo wa kiti cha dereva, usukani. Tukatazama. Raba za pedali zilikuwa na mistari yake yote. Mzee hakutudanganya hata kidogo.

Nikapiga makofi. Fundi akasema, "Ngoja bosi wangu, hapo ndipo shida inapoanzia."

Akanionyesha namba za gari. Zilikuwa zile za zamani zinazoanza na TZ, kabla ya hizi za sasa za T na tarakimu tatu. Maana yake gari halijaingia barabarani kihalali kwa miaka zaidi ya 20. Akapiga magoti kwenye tairi. Matairi yanayotengenezwa tangu mwaka 2000 yana tarakimu nne zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa. Haya yalikuwa na tatu, ni ya karne iliyopita, ingawa kashata zake zilikuwa kama mpya. Akabana mpira wa rejeta kwa vidole viwili, ukapasuka kama muhogo mkavu. Mipira ya breki vilevile.

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipopata elimu. Sisi tukisikia gari limetembea kidogo tunadhani ndilo zima. Kumbe gari lililolala huzeeka kwa njia yake: raba zinakauka, petroli inageuka gundi ndani ya tangi, kutu inakula mabomba ya breki kimyakimya. Bora gari la maili nyingi lenye fundi wake kuliko bikira lililokaa bandani.

Halafu likaja suala la kiu. Injini yake ni ya lita 8.2. Fundi alikadiria kilomita nne kwa lita moja, tena kwa huruma. Kutoka Sengerema hadi Mwanza kwa darajani ni kama kilomita 60. Kwenda na kurudi lita 30. Tuseme lita ni shilingi 3,000 ili hesabu iwe rahisi, hiyo ni 90,000. IST inakwenda na kurudi kwa lita nane. Na usukani uko kushoto, kwa hiyo ukitaka kulipita lori njia ya Geita, wewe unaona bodi la lori tu. Inabidi abiria wa kulia ndiye akuchungulie. Yaani bibi harusi awe konda!

Wamarekani wenyewe barabara zetu wanazijua. Mwaka 1964 Ford walileta magari yao ya Mercury Comet kwenye mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki. Yaliyofika mwisho ni mawili tu, na ushindi ukachukuliwa na kale ka-Ford Cortina ka Uingereza. Hapa hata wakubwa walichagua Mjerumani, ndiyo maana tuliwaita Wabenzi, hatukuwaita Wacadillac.

La mwisho ndilo lililonikata maini. Kadi ya gari bado ina jina la tajiri. Barua ya mkono ni heshima, lakini si umiliki. Kesho akitokea mjukuu wa yule bwana, milioni zangu tisa zinakuwa hadithi. Kijana mwenzangu, uwe unanunua Cadillac au Passo, kadi ipite kwanza mamlaka ya mapato, jina lijulikane, ndipo noti zitoke mfukoni.

Nilirudi kwa mzee nikamweleza yote, nikitegemea atanifukuza. Alikaa kimya, akafuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

"Wanangu wanasema niuze, banda liwe chumba cha kupangisha," akasema. "Wamekuja watano. Wanne walitaka vyuma chakavu. Wewe ndiye wa kwanza kuuliza habari zake."

Nikashindwa kuaga. Nikamuuliza kama tunaweza kuja Desemba, mimi na bibi harusi, tukapiga picha tu, na nikalipa. Akauliza shilingi ngapi. Nikamwambia elfu hamsini. Akasema lete sabini, nami nitavaa kofia yangu ya udereva.

Nilipomsimulia mchumba, alikubali picha. Ila akaweka sharti: "Kukaa nitakaa kwenye Cadillac. Lakini kanisani nipeleke na gari linalofika."

Kwa hiyo maharusi wa Kanda ya Ziwa, gari la picha lipo Sengerema, halitoki bandani na halinywi mafuta. Mzee ameshanunua daftari la miadi. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.