Tupeni Majini, Mabango Tumeyachoka

Vijana wenzangu, na nyinyi ndugu wa mashirika mnaosoma jarida hili mkingoja mkutano uanze, leo nataka tugombane kidogo. Ugomvi wenyewe ni juu ya vitabu.

Mimi nafanya kazi na vijana hapa Juba. Kiswahili changu nilikipata Kakuma, ndiko nilikomalizia kidato cha nne. Vijana wangu wengine wametoka Sudan tangu vita vya 2023, wengine wamezaliwa hapa hapa lakini wamezunguka kambi mbili tatu kabla ya kurudi. Tuna kabati moja la vitabu. Nikilifungua naona kipindupindu, kunawa mikono, mabomu ya kutegwa ardhini, ndoa za mapema, kupatana na jirani. Vingine vina picha, tena zimechorwa vizuri sana. Nyinyi mnaviita vitabu vya katuni. Mimi naviita mabango yaliyokunjwa.

Sipingi kunawa mikono. Kipindupindu tunakijua Juba, hatuhitaji kuhadithiwa. Ninachopinga ni hili wazo kwamba mtoto wa mkimbizi akishika kitabu, lazima kimfundishe kitu kabla jua halijazama. Watoto wenu nyinyi huko nyumbani wanasoma majoka na wachawi usiku kucha, na hakuna anayewauliza wamejifunza nini. Kwani wetu wana nini?

Hata Superman hakupona. Mwaka 1996 alitiwa kwenye katuni maalum ya kuwaonya watoto wa Bosnia juu ya mabomu ya ardhini. Kazi nzuri, inaokoa miguu ya watu. Lakini watoto wa Marekani walikuwa naye tangu 1938, na walimpata mzima: mtoto ambaye wazazi wake walimtia ndani ya chombo na kumrusha angani kwa sababu kwao kunaangamia, akalelewa na watu wasio wa kabila lake, akificha anakotoka. Waliomtunga, Jerry Siegel na Joe Shuster, walikuwa watoto wa Wayahudi waliohamia. Huyo ni mkimbizi, jamani! Hadithi yetu kabisa, halafu sisi ndio tunapewa kipande cha onyo tu.

Sasa nawapa orodha yangu. Mwenye kitabu amwazime mwenzake.

Anza na Shaaban Robert, Kusadikika, 1951. Ni nchi inayoelea hewani. Karama anashtakiwa kwa sababu anataka watu wafundishwe sheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, hadi mbinguni na chini ya ardhi, wakarudi na habari njema, wakaadhibiwa. Mwandishi aliandika hayo wakati Mwingereza anatawala Tanganyika. Ukimaliza, tafuta Adili na Nduguze, 1952, ambamo ndugu wawili wenye husuda wamegeuzwa manyani, na ndugu yao anawachapa kila usiku huku analia, kwa sababu jini ameamuru. Wenye ndugu mliogombana nao, someni hicho polepole.

Halafu Walenisi cha Katama Mkangi wa Kenya, 1995. Mtu aliyehukumiwa kufa anajikuta kwenye sayari nyingine. Jina la sayari lisome taratibu: wale-ni-sisi. Mkangi mwenyewe aliwahi kuwekwa kizuizini miaka ya 1980, kwa hiyo alipoandika nchi isiyo na dhuluma hakuwa anacheza.

Kwa katuni, mtafuteni Abunuwasi aliyechorwa na Gado, Nairobi, 1996. Na wanaojua Kiingereza, chukueni Binti cha Nnedi Okorafor, 2015: msichana wa Kihimba anatoroka kwao usiku kwenda chuo kikuu kilicho sayari nyingine. Ni chembamba, unakimaliza siku mbili.

Mwisho Storm wa kundi la X-Men, aliyeanza kuonekana 1975. Mama yake ni binti wa kifalme kutoka Kenya. Wazazi walikufa Cairo nyumba ilipowaporomokea, yeye akabaki chini ya kifusi. Anaamrisha mvua na radi, lakini mahali pa kufungiwa hawezi. Tunaye msichana hapa ambaye mlango ukifungwa anatoka mbio. Kwenye vikao vya ushauri alikaa kimya miezi. Alipofika ukurasa huo aliinua kichwa akasema neno moja: "Kumbe." Sisemi amepona. Nasema mabango yote ya kabatini hayajawahi kumtoa hata hilo neno moja.

Wazee wetu na wachungaji, najua mtasema haya ni mambo ya mashetani. Shikamooni, lakini nyinyi ndio mliotuanzisha. Nani alituhadithia fisi aliyeoa msichana wa watu? Nani aliwaambia Waacholi habari za mkuki na ushanga? Ndugu mmoja aliazima mkuki wa mwenzake, akamchoma tembo, tembo akakimbia nao. Mwenye mkuki akakataa mwingine wowote, anataka ule ule. Yule akaenda mpaka nchi ya tembo, akaurudisha. Siku nyingine mtoto wa mwenye mkuki akameza ushanga wa huyu, na huyu naye akataka ule ule. Mtoto akapasuliwa tumbo. Ndugu wakaachana kwenye mto Nile, huu huu tunaochota maji. Washilluk na Waanuak wanayo kwa namna yao. Nchi iliyopigana 2013 na tena 2016 haihitaji semina ya siku tatu kuielewa hadithi hiyo. Inahitaji mchoraji na karatasi.

Na nyinyi wa mashirika mtasema mfadhili anataka matokeo. Sawa. Angalieni Shujaaz ya Kenya, inayotolewa bure tangu 2010. Boyie amemaliza shule, hana kazi, anaendesha redio ya siri chumbani kwake. Mafunzo yamo, ya kilimo na ya pesa, lakini kijana anaisoma kwa sababu anataka kujua Boyie atashikwa ama hatashikwa. Hadithi inatangulia. Kwenu ujumbe unatangulia, hadithi inaburutwa nyuma kama mbuzi wa mnada.

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu, na si makubwa. Kwanza, katika kila vitabu kumi mnavyoleta, vitatu visiwe na somo lolote. Pili, pesa za bango moja kubwa la barabarani mpeni kijana wa hapa anayejua kuchora, atuchoree mkuki na ushanga kwa Kiswahili na kwa Kiarabu cha Juba, na msimsahihishie mwisho wake. Tatu, mtoto akifunga kitabu, weka kando ile fomu yako. Usimuulize amejifunza nini. Muulize halafu ikawaje, kisha kaa chini umsikilize mpaka amalize.