Usicheke deki ya Kogo

Wasee, najua mtaniambia DVD ilikufa kitambo. Sawa. Nisikizeni kwanza.

Mei 2023, waandamanaji walichoma mashine za kuchuma majani chai kule Kericho. Ghafla kila kamera ikawa inatafuta mzee wa kuongea. Babu yangu alichuma chai kwa mkono tangu akiwa kijana, kwa hivyo stesheni moja ikamhoji. Dakika sita hivi, akionyesha vile vidole vinakata majani mawili na chipukizi bila kuumiza kichaka. Mjomba, anayeishi Kericho mjini, alichomeka flashi kwenye king'amuzi akarekodi. Mwaka uliofuata Babu akatuacha. Hiyo ndiyo video pekee tuliyo nayo akiongea.

Kogo anaishi Mogogosiek, Bomet. Simu yake ni kabambe. Ana TV ya mgongo na deki ya zamani isiyo na tundu la flashi, ya kuchezea nyimbo za injili Jumapili. Baada ya mazishi aliomba kitu kimoja tu: "Nyinyi watu wa kompyuta, nitamwona mzee lini?"

King'amuzi cha Mjomba kilikuwa kimeungua siku stima iliporudi kwa nguvu. Nikapeleka flashi kwenye saiba moja. Jamaa akanitoza shilingi 150, akaburuta faili mpaka kwenye diski, akaniambia "imeiva". Kule Mogogosiek deki ikaisoma, ikazunguka, ikaandika haina diski. Kogo akaangalia ile skrini ya bluu kwa muda. Akasema, "Basi. Labda hataki kuonekana."

Maze, hilo neno lilinikalia vibaya. Deki haikuwa mbovu. Sisi wawili, mimi na yule jamaa, tulikuwa tunajifanya tunajua kazi.

Shida iko hapa. King'amuzi kikirekodi, mara nyingi kinaandika faili ya .ts, yaani matangazo jinsi yalivyotoka hewani. Ndani yake, kwa TV ya dijitali ya Kenya, picha imebanwa kwa H.264. Deki ya zamani haijui H.264. Inataka MPEG-2, ukubwa wa 720 kwa 576 kwa mfumo wa PAL tunaotumia huku, picha 25 kwa sekunde, na sauti kama AC-3. Tena inataka hizo video zikae kwa mpangilio wake, ndani ya folda inayoitwa VIDEO_TS. Ukiburuta faili tu, umetengeneza diski ya kuhifadhi data. Hujatengeneza DVD ya kutazama. Ni kama kumpa mtu majani mabichi ukamwambia anywe chai.

Dawa ni ya bure. Kuna programu inaitwa DVDStyler. Unachagua PAL, unaweka faili, unachagua umbo la picha ili watu wasitoke warefu kama milingoti, halafu inabadilisha na kuchoma yenyewe. Tumia DVD-R tupu. Ni ya GB 4.7, saa mbili hivi zinatosha kwa picha nzuri. Choma polepole, usikimbize. Halafu ijaribu kwenye deki kabla hujampelekea mtu, kwa sababu kucheza kwenye laptopu hakuthibitishi kitu. Na faili ya kwanza usifute kamwe! Diski hukwaruzika.

Onyo mbili. Ving'amuzi vingine, hasa vya kulipia, hufunga rekodi kwa siri hadi isichezeke kwingine. Huko utakwama. Na hii ni ya familia: ukianza kuuza vipindi vya watu stendi, hapo ni hakimiliki, usinitaje.

Sasa maoni yangu, na mkasirike mkitaka. Tangu analojia izimwe mwaka 2015, nyumba nyingi zimepata king'amuzi chenye tundu la flashi. Kuna harusi, mahojiano na mazishi ya watu wetu yamelala ndani ya flashi za shilingi mia tano, kwa fomati ambayo wenye nyumba hawawezi kufungua. Ati tuwaambie "itafute YouTube"? Si kila kitu kilipakiwa, bando inalipiwa, na kilichopakiwa kinaweza kufutwa kesho. Niliacha chuo mwaka wa pili na kijijini bado wananiita wa kompyuta. Nilikuwa nafurahia hilo jina bila kulifanyia kazi. Ujuzi wako ukiishia kwa simu yako, umemsaidia nani nyumbani?

Nilirudi Mogogosiek na diski ya pili Desemba. Kogo aliitazama mara tatu. Mara ya kwanza alinyamaza. Mara ya pili akamrekebisha Babu, eti hapo amekosea mwaka. Mara ya tatu akawaita majirani.

Weekend hii ukienda ocha, uliza kama kuna flashi iliyofichwa kwenye kabati. Beba laptopu na diski mbili tupu. Ya pili ni ya makosa, utaihitaji.